Mkutano wa Darasa la Saba

Jumatatu, 1 Julai

Nimerudi kituoni. Barabara haijapona tangu mvua za mwaka huu, na pikipiki kutoka Milola imenitikisa mpaka meno. Nyumba nimeikuta na mchwa mlangoni. Mama kule Rasbura aliniambia, "Antonia, kaa siku mbili zaidi upumzike." Namjua mama na najijua mimi. Ningekaa siku mbili, ningekaa mwezi.

Naandika kwa sababu kwenye semina ya Juni pale Lindi mwezeshaji alituagiza kila anayejaribu mbinu mpya aweke kumbukumbu. Alitaka tuandike "mafanikio na changamoto". Mimi nitaandika yatakayotokea, mengine atayapanga mwenyewe.

Kwa ufupi basi. Nafundisha Maarifa ya Jamii darasa la saba, wanafunzi ishirini na sita, huu ni mwaka wangu wa sita hapa. Katika miaka yote hiyo hakuna msichana hata mmoja wa mkononi mwangu aliyekanyaga kidato cha kwanza. Si kwamba watoto ni wazito. Huku mzazi humkalisha mtoto kabla ya mtihani wa taifa akamwambia: jibu vibaya. Siliba kiduara cha herufi moja toka juu mpaka chini, ukimaliza rudi nyumbani, mikorosho inakungoja. Kila mtu analijua jambo hili na hakuna anayelisema mbele ya mgeni. Mimi baada ya miaka sita bado ni mgeni.

Mwaka huu ninaye Mwanaima. Ninamtaka huyo mmoja tu. Akifika kidato cha kwanza Januari, nitaomba uhamisho na moyo mweupe.

Mzee Qutbuddin wa duka la madaftari pale Lindi kanipa rundo la kalenda zilizopitwa na wakati. Nyuma ni nyeupe kabisa. "Chukua, mwalimu," kasema, "miaka imekwisha hii, sitapata wa kumuuzia." Zitatosha ramani za muhula mzima.

Jumatano, 3 Julai

Wamekuja kumi na mmoja. Wengine bado wanapura ufuta.

Jumanne, 9 Julai

Leo sikufungua kitabu. Niliwatoa nje, nikawapa debe la majivu, korosho mbovu za mwaka jana na kamba yenye mafundo. Fundo moja ni hatua hamsini, nikawaambia, haya, nichoreeni kijiji.

Sijawahi kuona darasa linagombana namna ile kwa ajili ya jiografia. Msikiti uko kulia kwa kisima au kushoto? Nyumba ya katekista inahesabiwa kitongoji gani? Jonas, mtoto wa katekista, aliweka nyumba za watu wote akasahau ya kwao, wakamwambia leo utalala kanisani. Mwanaima hakugombana. Alizunguka ramani mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi, kisha akauliza, "Mwalimu, na sekondari tuiweke wapi?"

Sekondari ya kata iko kilomita kumi na saba. Tulipiga hesabu ya mafundo, tukashika kamba, tukavuka uwanja wa mpira, tukavuka bustani ya shule, tukaingia katikati ya mikorosho ya watu, na bado. Mwishowe tukaweka korosho yetu chini ya mti wa mtu tukarudi tunacheka. Somo la kipimio cha ramani nimelifundisha miaka sita na leo ndiyo mara ya kwanza limeeleweka.

Nimefurahi. Naliandika kabisa, maana hainitokei sana.

Ijumaa, 12 Julai

Kijiji kizima kinanuka salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Wanapuliza mikorosho tangu alfajiri, watoto wanakuja shule na nyusi za njano. Anayepiga chafya, darasa zima linamwombea dua.

Ijumaa, 19 Julai

Matokeo ya majaribio ya kata yametoka. Mwanaima ni wa kwanza. Si wa kwanza shuleni kwetu, wa kwanza kata nzima, shule tisa.

Nilikwenda kwao mchana huohuo. Mama yake, Shamimu, alikuwa anapepeta ufuta uani. Alisoma karatasi mara mbili, akaifuta mikono ndipo akaishika tena.

"Nimefurahi, mwalimu, Mungu ananiona," akasema. "Lakini hili si la kuniletea mimi peke yangu. Mwenye kauli ni kaka yangu."

Ndivyo ilivyo huku kwa Wamwera. Baba yupo, anaheshimiwa, analima, lakini mtoto ni wa upande wa mama na mjomba akisema limesemwa. Mjomba wa Mwanaima ni Mzee Ismaili, mwenyekiti wa kijiji. Novemba kuna uchaguzi wa serikali za mitaa na anautaka tena uenyekiti, kwa hiyo siku hizi ana tabasamu kwa kila mtu.

"Wewe mwenyewe unataka aende?" nikamwuliza Shamimu.

"Mimi niliishia la nne. Ninachotaka nani atakiuliza?"

Nikamwambia nimekiuliza mimi. Akaniangalia, akasema anataka. Nimerudi na neno hilo moja.

Jumatano, 24 Julai

Nimepata wazo na nimejipongeza kwa kikombe cha chai ya maziwa.

Mada ya mwezi huu ni kukusanya na kuwasilisha taarifa za jamii. Kitabu kinataka watoto wahesabu mifugo. Mifugo gani huku, mbuzi watatu wa Mzee Ismaili? Yangu ni hii: wapite nyumba kwa nyumba waulize nani kutoka kijiji hiki alikwenda sekondari kwa miaka kumi iliyopita na sasa yuko wapi. Watachora jedwali, watawaona kaka na dada zao kwenye takwimu, watatamani. Namfikiria hasa Martina, mtoto wa hapahapa, leo ni muuguzi Mtwara.

Nikamweleza Mwalimu Mkuu Evaristo, ambaye anahesabu miezi minane astaafu na hapendi vumbi litimke. Alisikiliza huku anachonga penseli.

"Antonia, unawatuma watoto wakabonyeze kidonda."

"Nawatuma wakakusanye taarifa, mwalimu."

"Haya. Lakini ukibonyeza kidonda uwe na dawa mkononi."

Nilimwona mtu mwoga. Nililiandika kwenye andalio la somo kwa wino mwekundu.

Ijumaa, 2 Agosti

Taarifa zimeingia. Wamefanya kazi ya watu wazima, nyumba zote, vitongoji vinne. Jonas amechora grafu ya mihimili nyuma ya kalenda ya Mzee Qutbuddin, rangi tatu, safi kuliko ya kitabuni.

Waliokwenda sekondari kwa miaka kumi ni thelathini na mmoja. Waliofaulu kidato cha nne ni watatu. Martina ni mmoja wao, na mama yake amewaambia watoto hajamwona mwaka wa nne huu. Wasichana tisa walirudi na mimba kabla hawajafika kidato cha tatu, wengi wao kutoka kwenye vyumba vya kupanga kule karibu na sekondari, maana bweni hakuna. Waliobaki wapo hapahapa, wanaendesha pikipiki au wanapuliza salfa sawa na ambao hawakwenda. Bibi mmoja amesema, na wamemwandika neno kwa neno, "Mjukuu wangu alikwenda na akili akarudi na simu." Darasa limecheka kutwa.

Nilijua idadi si nzuri. Sikujua ni mbaya namna hii. Ningekuwa na busara ningeikunja ile kalenda nikaipeleka jikoni. Lakini niliutazama ule mchoro, na Mungu anisamehe, nilichokiona ni kazi nzuri ya wanafunzi.

Jumatatu, 5 Agosti

Tutafanya mkutano wa kuigiza. Mkutano mkuu wa kijiji, kila kitu kamili, wazazi waalikwe. Kundi la kwanza litasoma taarifa, kundi la pili litaleta suluhisho: baiskeli, bweni la wazazi kujenga kwa nguvu zao, mlezi wa wasichana. Hiyo ndiyo dawa aliyoitaka Mwalimu Evaristo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Nimefua.

Jumamosi, 17 Agosti

Niandike taratibu, maana mkono unakimbia.

Nilitegemea wazazi kumi. Wakaja themanini na kitu. Mzee Ismaili alikuwa ameamuru rimu la gari ligongwe vitongoji vyote vinne, kwa mlio uleule wa mkutano wa kweli. Mwenye kutaka kura haachi mkusanyiko upite. Watu wakaleta mikeka, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kama kawaida yao.

Ubaoni nilikuwa nimeandika kanuni ambazo watoto walizikariri wiki nzima. Anayesema anapewa nafasi na mwenyekiti. Hoja hupigiwa kura kwa kunyoosha mkono. Walioshindwa hufuata walioshinda. Muhtasari huandikwa na kusainiwa. Ile ya tatu nilikazia sana, kwa sababu watoto wa huku wakishindwa mchezo hutia mpira kwapani wakaondoka nao. Niliwaambia ukishanyoosha mkono mahali pa watu umejifunga, huwezi kwenda kichakani ukajifungua. Wakaitikia wote. Nyumbani wanalijua hilo kabla yangu.

Mwanaima alikuwa mwenyekiti. Kaazima kofia ya mjomba wake, watu wakacheka mpaka yeye alipogonga meza kwa dasta, wakanyamaza. Sikuamini jinsi walivyonyamaza.

Hoja ilisema: watoto wote watakaofaulu mwaka huu waende sekondari. Jonas akasoma taarifa. Sauti yake ni nzuri, amezoea kusoma somo kanisani. Alisoma namba bila majina, nilivyomfundisha, kulinda heshima za watu. "Namba kumi na saba, msichana, alikwenda mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, alirudi mwaka uliofuata, sababu mimba."

Mwanamume mmoja upande wa nyuma akanyoosha mkono. Mwanaima akampa nafasi. Alikuwa Mzee Abdurahmani, mtu ambaye kwa miaka sita sijamsikia akisema zaidi ya salamu.

"Huyo namba kumi na saba ni mwanangu," akasema. "Alikuwa wa kwanza darasani, kama wewe mwenyekiti. Nilimnunulia sanduku la bati. Alirudi nalo, ndani mna nguo za mtoto." Akamtazama Jonas. "Sina la kuongeza. Kijana kasoma vizuri." Akakaa.

Baada ya hapo kundi la pili lilisoma suluhisho lao na hakuna aliyelisikia. Baiskeli, bweni, mlezi. Msichana aliyekuwa anasoma alianza kuharakisha mwenyewe. Kisha mama mmoja akasema tupige kura, wengine wakaitikia, kura, kura.

Hapo ningeweza kusimama. Ningesema jamani huu ni mchezo wa darasani, ahsanteni, chai iko tayari. Mwanaima aliniangalia, anasubiri ishara. Nikamtikisia kichwa aendelee. Nieleze kwa nini, kwa kuwa ukurasa huu mwezeshaji hatausoma: lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Kijiji kizima kilikuwa ndani ya darasa langu, watu wanabishana kwa utaratibu, na sikutaka kulikata.

Wanaokubali, kumi na wanne. Shamimu alinyoosha, nilimwona, nusu mkono. Wanaokataa, sitini na mmoja, waliobaki hawakunyoosha. Watoto walinyoosha pamoja na wazazi wao.

"Hoja imeanguka," Mwanaima akasema, akagonga meza. Sauti haikutetemeka. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Mzee Ismaili alikuja mbele na meno yote nje. "Huyu kanirithi," akasema. Akauchukua muhtasari, akausoma mstari kwa mstari, akaomba kalamu, akasaini chini ya saini ya mpwa wake. Niliona ni heshima kwa watoto.

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya misa katekista kaniuliza kama ni kweli kijiji kimeamua watoto wasiende sekondari. Nilicheka, nikamwambia hapana, ilikuwa maigizo. Hakucheka.

Jumatano, 21 Agosti

Muhtasari umebandikwa ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Karatasi ileile, mwandiko wa watoto wangu, na muhuri wa kijiji juu yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ismaili. Nilikuwa na hasira nikajilazimisha kuanza na shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Mzee, ule haukuwa mkutano. Lilikuwa somo."

"Rimu liligongwa?"

"Uligonga wewe."

"Liligongwa. Watu walikuja, ajenda ilisomwa, kila mtu alisema, kura zilihesabiwa, muhtasari ukasainiwa. Sasa niambie kilichopungua." Hakuwa ananikejeli, hilo ndilo baya. Alikuwa ananiuliza kweli. "Mimi nimeendesha mikutano miaka kumi, sijawahi kuona uliokwenda vizuri kama ule. Zamani jambo hili kila mtu alilifanya kwake, kimyakimya, na aibu. Umetusaidia kukaa tukalizungumza. Penye wengi hapaharibiki neno."

"Na Mwanaima? Ni wa kwanza kata nzima, mzee. Ni mpwa wako."

Nadhani anampenda. Naandika hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu asingempenda.

"Ndiyo maana," akasema. "Nikimtoa wa kwangu peke yake baada ya kijiji kuamua, mimi ni nani? Mkataa wengi mchawi. Na Novemba hiyo inakuja."

Nimejipalia makaa mwenyewe. Zamani kulikuwa na siri, na siri ina upenyo, mzazi mmoja mmoja unaweza kumbembeleza. Sasa kuna azimio. Nimewapa watu hawa lugha safi ya kusema walichokuwa wanaona haya kukisema.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimempigia afisa elimu wa kata, nilipanda kichuguu kutafuta mtandao. Nimemweleza yote. Kasema suala hilo ni zito, dawa yake ni kushirikisha jamii. "Itisha mkutano na wazazi," kaniambia.

Jumanne, 27 Agosti

Nilimbakiza Mwanaima baada ya vipindi. Alikuwa anafuta ubao, hajaambiwa.

"Mjomba amekuambia nini kuhusu mtihani?"

"Amesema yaliyosemwa mkutanoni."

"Na wewe unasemaje?"

Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. "Mwalimu, mimi ndiye niliyegonga meza."

Nikamwambia ule ulikuwa mchezo, kwamba mtihani ni wake peke yake, kwamba ndani ya chumba kile hakuna mjomba wala mwenyekiti, ni yeye na penseli. Nikamwambia sheria ya nchi iko upande wake. Nilisema maneno mengi sana. Aliponisikiliza yote akasema, "Nitaangalia, mwalimu."

Nimelishika hilo "nitaangalia" tangu saa tisa.

Jumanne, 3 Septemba

Darasa lina bidii ya ajabu. Wanakuja mapema, wanauliza maswali, hasa ya Maarifa. Jana wamenitaka niwarudishie ramani ya majivu. Sielewi mtoto aliyeamua kufeli anataka marudio ya nini. Mwalimu Evaristo anasema nisitafute tumaini mahali penye adabu tu. Inawezekana. Lakini nimeanza kufikiri labda wamewakatalia wazee, kimoyomoyo, wote.

Jumatano, 11 Septemba

Mtihani. Sisi walimu wa hapa haturuhusiwi kusogea, wasimamizi wametoka shule nyingine. Nimekaa chini ya dirisha la ofisi ya mkuu tangu asubuhi nikisikia penseli zikianguka.

Alhamisi, 12 Septemba

Wamemaliza. Walipotoka walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, jambo wasilolifanya kamwe. "Ahsante, mwalimu." Jonas alikuwa anatabasamu kama aliyenificha zawadi nyuma ya mgongo. Mwanaima peke yake alipita kando, hakuniangalia.

Nimelitafakari hilo. Nadhani amefanya. Nadhani amejibu yote kwa haki na anaogopa wenzake wasimwone usoni. Nimemwomba Mungu iwe hivyo, na nimemwomba kwa jina lake kamili la shuleni asije akachanganya.

Jumapili, 22 Septemba

Hakuna la kuandika. Darasa la saba wameondoka, chumba kina mwangwi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Korosho za kwanza zinaanguka. Nusu ya darasa la sita hawapo.

Jumatano, 16 Oktoba

Mzee Ismaili amepita na kundi lake akiandikisha wapiga kura. Kanisalimia kwa furaha, kaniomba mwakani tufanye mkutano mwingine kuhusu kisima. Nikamwambia nitafikiria.

Jumatano, 23 Oktoba

Mama amepiga simu, anauliza kama nakula. Nakula.

Jumanne, 29 Oktoba

Matokeo yametoka. Nilikwenda kichuguuni mapema, simu ikafungua ukurasa kwa mapande, jina moja moja.

Wamefeli wote ishirini na sita.

Nilimtafuta Mwanaima. Kiswahili E. Kiingereza E. Hisabati E. Sayansi E. Uraia E. Kisha Maarifa ya Jamii, A.

Nikadhani ukurasa umekosea. Nikarudi juu. Jonas, E tano, Maarifa A. Anayefuata, E tano, Maarifa B. Anayefuata hivyohivyo. Mtoto wa mwisho darasani, ambaye nilimfundisha kuandika jina lake darasa la tano, E tano, Maarifa C. Ukurasa mzima unashuka namna moja mpaka chini.

Nilikaa chini kwenye vumbi la kichuguu nikalia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni aliniuliza nani amefariki.

Alhamisi, 31 Oktoba

Afisa elimu wa kata kapiga mwenyewe. Masomo mengine mmeanguka vibaya, kasema, hilo tutalizungumza na mkuu wako. Lakini Maarifa ya Jamii mmeongoza kata. Anataka niende Lindi wiki ya pili ya Novemba nikawaeleze walimu wenzangu mbinu ninazotumia. Nimempa ahsante.

Mwalimu Evaristo kanitazama nilipomwambia. Hakusema alikuwa ameniambia, na ningependa angesema.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekwenda kumtafuta Mwanaima. Nilimkuta shambani kwa mjomba wake, kanga kaifunga kiunoni, anaokota. Jua lilikuwa kali na chini ya mikorosho kulikuwa na harufu ya mabibo yaliyochacha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nikachuchumaa, nikaanza kuokota naye. Unaliokota bibo, unainyonga korosho mpaka inaachia, unaitupa kapuni. Nilikuwa taratibu kuliko yeye. Tuliokota mti mzima.

"Niambie mlivyofanya," nikamwambia. "Sijaja kugombana."

"Tulikaa kikao," akasema. "Jumamosi kabla ya mtihani, uwanja wa mpira. Jonas alikuwa mwenyekiti, mimi niliandika."

"Mkaamua nini?"

"Hoja ilikuwa tufanye kama wazee walivyosema, lakini somo lako tulijibu sawasawa. Watu walisema mwalimu asije akaaibika. Walisema ukiaibika watakuhamisha."

Nikauliza kama walikubali wote. Nilitaka aseme ndiyo, iwe ni wema wa watoto wote pamoja, nijue pa kuuweka.

"Ishirini na watano walikubali. Mmoja alikuwa na hoja nyingine."

"Hoja gani?"

"Kwamba tujibu yote. Masomo yote, kila mtu kwa uwezo wake."

"Nani huyo?" nikauliza. Nilikuwa namfikiria mtoto mmoja mbishi wa kitongoji cha juu.

Alikuwa ameinama, ananyonga korosho. Aliimaliza, akaitupa kapuni.

"Mimi," akasema. "Nilishindwa."

Kisha akasimama, akakunja ngata, akaiweka kichwani. "Kapu limejaa, mwalimu. Nisaidie kujitwisha."

Nikalishika upande mmoja, yeye upande mwingine, nikamtwisha.